Kamera mbili juu ya mwamba mmoja: jinsi ya kujitengenezea

Nilikuwa Kilwa Kivinje, kwenye baraza ya bibi mmoja aliyekuwa akinisimulia siku jahazi la baba yake lilipoondoka na shehena ya boriti za mikoko. Nilikuwa peke yangu, na kamera moja. Alipofika pale baba yake alipovua kofia akamwachia mkononi, sauti ilimshuka, vidole vikaanza kukunja ncha ya kanga. Mimi nilikuwa nimempiga kwa mbali, mwili mzima na mlango nyuma yake. Alipomaliza nikamwambia, "Samahani bibi, naomba unirudie pale kwenye kofia, nikuchukue kwa karibu." Akarudia. Maneno yalikuwa yale yale, lakini vidole vilitulia mapajani na sauti ilikuwa ya mtu anayejibu maswali ya karani. "Si nimeshakwambia, mwanangu," alisema mwishoni, kwa upole.

Tangu siku ile sijamhoji mzee yeyote kwa kamera moja. Kifaa ninachokielekeza hapa ni kipande cha aluminiamu chenye urefu wa sentimita 45, kinachokaa juu ya tripodi moja kama mwamba wa goli, ndiyo maana nakiita mwamba, na kubeba kamera mbili. Moja inachukua picha pana, nyingine inachukua uso na mikono. Zote zinarekodi kwa pamoja, mtu anasimulia mara moja tu, na wewe unaondoka na picha mbili za dakika ile ile.

Mwamba unafaa wapi, na haufai wapi

Kama una msaidizi, tripodi mbili na chumba kikubwa, tumia tripodi mbili. Utapata pembe zinazotofautiana zaidi na uhariri utakuwa mwepesi. Mwamba ni wa mtu anayefanya kazi peke yake kwenye sebule ya futi kumi kwa kumi, au barazani wanapopita watu, au jikoni ambako tripodi ya pili lazima itaonekana kwenye picha pana. Kamera zote zikiwa upande mmoja wa mzungumzaji, macho yake yanaelekea upande ule ule katika picha zote mbili, na mtazamaji hapotei unapokata kutoka moja kwenda nyingine. Jua likigeuka ukataka kuhama, unanyanyua tripodi moja.

Kuna hasara mbili za kuzijua kabla hujakata chochote. Ukigusa kamera moja, ya pili inatikisika; hilo tutalipunguza lakini haliishi kabisa. Na pembe za kamera zinakaribiana mno. Kamera zikiachana sentimita 36, mzungumzaji akiwa mita moja na nusu mbele yako, tofauti ya pembe ni kati ya digrii 13 na 14. Kanuni ya zamani ya wapiga filamu inasema ukikata kutoka picha moja kwenda nyingine ya mtu yule yule, pembe ibadilike angalau digrii 30, la sivyo mtu ataonekana ameruka kwenye kiti. Mwamba hauwezi kukupa digrii 30. Kwa hiyo kinachopaswa kubadilika ni ukubwa wa picha, tena ubadilike sana. Picha pana imwoneshe mtu kuanzia magotini, pamoja na pale alipokaa. Picha ya karibu ianzie kifuani kwenda juu, au mabegani. Moja ikianzia kiunoni na nyingine tumboni, kila unapokata itaonekana ni kosa.

Kwa lenzi, kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa, itataka milimita 28 au 35 kwa picha pana na 85 kwa ya karibu. Lakini wengi wetu tuna kamera moja yenye sensa ndogo ya APS-C na simu moja nzuri, na hiyo inatosha kabisa. Lenzi kuu ya simu nyingi za sasa ni sawa na milimita 24 hadi 28, kwa hiyo simu iwe kamera pana. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya APS-C inakuwa sawa na 75 au 80 kutegemea kampuni, kwa hiyo hiyo ndiyo ya karibu. Usifanye kinyume chake. Simu ukiivuta kwa vidole hadi ifike usoni inakuza tu picha na kuichafua, na uso wa mtu ndipo mtazamaji atakapokaa muda mrefu.

Vifaa vya kununua na vya kuokota

Nenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Wana rundo la mabaki, na kipande unachokitaka kwao ni takataka: bomba la mstatili lenye upana wa milimita 50, kimo cha milimita 25 na ukuta wa milimita 1.5 hivi, urefu sentimita 45. Watu wengi hukimbilia bapa la chuma la milimita 3 kwa sababu ni rahisi kutoboa. Mimi nililianza hilo na nikaliacha. Lishike bapa hilo upande mmoja uligonge kwa kidole upande wa pili: linatetemeka, na mtetemo ule ndio utakaouona kwenye lenzi ya 50 kila mtu anapopita sakafuni. Bomba halipindi wala halijisokoti kirahisi hivyo.

Tatizo la bomba ni kwamba liko wazi ndani, na ukikaza bolti ukuta unabonyea. Dawa yake ni mbao. Mwombe seremala akupige randa kipande cha mbao ngumu iliyokauka vizuri, mninga ukipatikana, kiingie ndani ya bomba kwa kubana: upana kama milimita 47, kimo kama 22, urefu mzima wa sentimita 45. Pima bomba lako kwanza, kwa maana kuta zinatofautiana. Mbao inaongeza kama gramu 300, lakini inazuia kubonyea na inakula mtetemo. Mbao ikiwa mbichi itasinyaa na kuanza kucheza ndani, hivyo usikubali iliyotoka kuchanwa jana.

Vingine ni hivi: bapa la chuma la unene wa milimita 6, upana sentimita 4 na urefu 12, bolti mbili za robo inchi zenye urefu wa inchi moja na robo tatu na meno mpaka kichwani, nati mbili za robo inchi zenye masikio, zile za kufungwa kwa vidole, washa kumi, bolti mbili za milimita 6 zenye kichwa cha kuzama, pamoja na nati zake, ndefu za kupita kwenye bapa na bomba pamoja, vichwa viwili vidogo vya gololi vya kugeuzia kamera, kishikio cha simu chenye tundu la skrubu chini yake, gundi ya epoksi ya mirija miwili, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Huo mpira usiudharau. Ukiukata na kuutandika kati ya kichwa cha gololi na mwamba, kamera haizunguki yenyewe.

Robo inchi, si milimita 6

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu kamera.

Tundu lililo chini ya karibu kamera zote duniani ni la robo inchi, meno 20 kwa kila inchi. Robo inchi ni milimita 6.35. Dukani utakuta bolti ya milimita 6 imelala kwenye boksi la jirani, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiijaribu kwenye kamera inaingia, inazunguka mara mbili tatu, unajiona umemaliza. Lakini imelegea, na meno yake yameachana milimita 1 wakati ya kamera yameachana 1.27. Ukiikaza kwa nguvu inakwaruza meno ya kamera. Ukiiacha, siku moja kamera inashuka yenyewe na bolti inabaki kwenye mwamba. Mwambie muuzaji "robo inchi" kisha uhakikishe kwa kuifunga kwenye nati ya robo inchi: inapaswa kuteremka mpaka mwisho kwa vidole, bila kuyumba. Bolti za kizamani za kipimo cha Uingereza nazo zina meno 20 kwa inchi katika ukubwa huo, kwa hiyo zinafaa. Vichwa vikubwa vya gololi vina tundu la inchi tatu kwa nane, yaani milimita 9.5, na kuna kikombe kidogo cha shaba cha kulipunguza liwe robo.

Jambo la pili ni urefu wa bolti. Sehemu inayochomoza juu ya mwamba na kuingia kwenye kifaa iwe milimita 4 hadi 5, isizidi. Tundu la kamera ni fupi. Bolti ndefu inagonga mwisho wa tundu kabla kamera haijakaa, nawe unadhani bado haijakaza, unazidi kuzungusha, na chini ya kamera panapasuka.

Kuutengeneza mwamba

Sukuma mbao ndani ya bomba kabla ya kutoboa. Ikigoma, paka sabuni kavu na uigonge kwa nyundo ya mbao, au uweke kibao juu yake kwanza. Chora mstari wa katikati wa upana kwa urefu wote, milimita 25 kutoka kila ukingo. Kwenye mstari huo weka alama sentimita 4.5 kutoka kila ncha, halafu 7.5, halafu 10.5. Hayo ni matundu matatu kila upande. Ukitumia ya nje kabisa kamera zinaachana sentimita 36, na ukiwa kwenye kona finyu unazisogeza ndani.

Piga kila alama kwa msumari na nyundo ili biti isiteleze. Anza na biti ya milimita 3, kisha pitisha ya 6.5. Kama huna drili ya mezani, peleka kwa fundi mwenye nayo. Drili ya mkono ikiinama kidogo tu, tundu la juu na la chini havikutani na bolti itasimama imeegemea upande. Ukimaliza pitisha tupa kwenye midomo ya matundu, kwa kuwa kingo za aluminiamu zinakata vidole kama wembe.

Sasa vishikizo vya chini. Chukua bolti ya robo inchi, ifunge nati ya masikio mpaka iguse kichwa cha bolti, paka epoksi katikati yake, kaza, uiache mpaka kesho yake. Umepata bolti ya kukazwa kwa vidole. Pitisha kutoka chini ya mwamba, na chini yake weka washa. Inchi moja na robo tatu ni milimita 44. Ukitoa nati, kimo cha bomba, mpira na washa moja, bado inachomoza kama milimita 9. Ongeza washa chini mpaka zibaki 4 au 5. Pima kwa rula kila mara, usikadirie.

Bapa la chuma ndilo litakaloshika tripodi. Mwambie fundi atoboe matundu matatu katikati ya bapa, yaachane sentimita 2, kwa biti ya milimita 5.1 au 5, kisha ayakatie meno ya robo inchi. Karibu na kila ncha atoboe tundu moja la milimita 6.5 na kulichimba mdomo ili kichwa cha bolti kizame, kisizuie sahani ya tripodi. Bapa la milimita 6 ni nene kuliko skrubu ya tripodi inavyochomoza, hivyo skrubu yote inashika meno na haigusi aluminiamu.

Usilifunge bapa bado.

Tafuta mizani kwanza

Mwamba wangu wa kwanza niliutoboa katikati kabisa, sentimita 22.5 kila upande, kwa sababu ulionekana unapendeza. Upande mmoja ulikuwa na kamera na lenzi, upande wa pili simu. Katikati ya mahojiano ya saa nzima, upande wa kamera ulikuwa unazama polepole, kiasi kwamba sikuuona mpaka niliporudi nyumbani: picha inaanza paji la uso likiwa ndani, inaisha limekatwa juu ya nyusi.

Hesabu yake ni ile ya mizani ya mkono iliyokuwa ikitumika sokoni. Uzito mkubwa ukae karibu na shingo, uzito mdogo ukae mbali. Tuseme kamera, lenzi na kichwa chake cha gololi ni gramu 1,200, na simu na vyake ni gramu 400, na vimeachana sentimita 36. Kiungo kikae sentimita 9 kutoka kwenye kamera: 1,200 mara 9 ni 10,800, na 400 mara 27 ni 10,800. Uzito wa mwamba wenyewe, unaokaribia gramu 570, unakisogeza kiungo kama sentimita 2 kuelekea katikati, kwa hiyo ni 11 hivi.

Huna haja ya mizani ya duka kuipata. Funga kila kitu kama kitakavyokuwa siku ya kazi, betri na kadi zikiwa ndani, maikrofoni ikiwa juu ya kamera kama huwa inakaa hapo. Laza penseli ya pembe sita mezani, weka mwamba juu yake, mtu mwingine akiwa amekinga mikono pande zote mbili, usogeze mpaka usielemee kokote. Weka alama. Hapo ndipo tundu la katikati la bapa linapokaa. Toboa matundu mawili ya bolti za kuzama kupitia mwamba, funga bapa chini kwa bolti zote mbili, nati zikiwa juu. Bolti moja haitoshi, mwamba utazunguka kama mkono wa saa. Matundu mengine mawili ya bapa ni ya siku utakapobadilisha lenzi.

Vyote pamoja vinafika karibu kilo mbili na nusu. Angalia tripodi yako imeandikwa inabeba kilo ngapi, na usiipeleke mpaka kikomo chake. Zile nyepesi za plastiki za kubebea simu hazifai. Ning'iniza mfuko wa mchanga au dumu la maji la lita tano kwenye shingo ya tripodi, chini yake, usiguse sakafu lakini uikaribie. Mguu mmoja uelekee mbele, upande wa mzungumzaji, na sio wewe unakosimama.

Kuzifanya kamera mbili zione kitu kimoja

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde ingawa jicho halioni. Simu ikitoka kiwandani hurekodi fremu 30 kwa sekunde, na chini ya taa hizo inaweza kutoa mistari myeusi inayopanda na kushuka ukutani. Weka kamera zote fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Programu ya kawaida ya simu mara nyingi haikuruhusu kuchagua hivyo. Blackmagic Camera ni ya bure na inakuruhusu, na kwenye Android ipo pia Open Camera.

Kisha zima kila kitu kinachojiamulia: mwanga, fokasi, na zaidi ya yote rangi ya mwanga. Kamera na simu haziafikiani kuhusu weupe. Ukiziacha zijiamulie, ngozi ya mtu itakuwa ya dhahabu kwenye moja na ya kijivu kwenye nyingine, na katikati ya mahojiano wingu likipita kila moja itabadilika kwa namna yake. Weka namba moja ya kelvini kwa zote, 5,600 kwa mwanga wa mchana, 3,200 kwa balbu ya njano. Kisha rekodi sekunde tano za karatasi nyeupe aliyoishika mzungumzaji karibu na shavu, kwenye kamera zote mbili. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa unaporekebisha rangi. Kwenye simu zima HDR pia, ile hali ya simu kujisawazishia penye mwanga na penye giza.

Simu iwe kwenye hali ya ndege. Nimeshapoteza dakika nne kwa sababu ya ujumbe wa muamala: simu ilinguruma, mwamba ukanguruma nayo, na kamera ya karibu ikatikisika mpaka macho ya mzungumzaji yakawa mawili mawili. Kama simu inapata joto, toa kava lake na ikae kivulini. Juani hujizima bila kukuomba ruhusa.

Nafasi ya kuhifadhia ihesabiwe mapema. Picha ya megabiti 50 kwa sekunde inakula gigabaiti 22.5 kwa saa, na una kamera mbili. Na kamera nyingi za picha za mnato, hasa za zamani, husimama zenyewe zikifika dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoza ushuru mwingine kwa vifaa vinavyorekodi dakika 30 au zaidi. Weka kengele ya dakika 25 kwenye saa ya mkononi, isiyo na sauti, na umpumzishe mzee anywe chai wakati unabonyeza upya.

Kofi la kulinganisha

Kamera mbili hazina saa moja. Ili uzilinganishe mezani unahitaji tukio moja fupi linaloonekana na kusikika kwenye zote, na kofi moja la mikono linatosha. Hapa mwamba unakupa zawadi: kofi linazifikia kamera zote kwa wakati mmoja. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde na fremu moja kati ya 25 ni sehemu 40 za elfu za sekunde, kwa hiyo kamera zinazoachana mita 14 zingepishana fremu nzima. Zako zimeachana sentimita 36.

Ila si adabu kumpigia mzee makofi mbele ya uso. Mimi humwomba apige mwenyewe: "Babu, naomba unipigie kofi moja mbele ya kifua, kamera zijue tumeanza." Wengi hucheka, na kicheko kile kinawaondolea ugeni wa kamera kuliko maneno yangu yoyote. Aliyeshika kikombe cha kahawa anaweza kukigonga kwa kijiko. Hakikisha mikono au kikombe viko ndani ya picha ya karibu pia.

Maikrofoni ya kubana kwenye nguo iingie kwenye kamera moja, lakini usizime maikrofoni ya kamera ya pili. Sauti yake ni mbaya na hutaitumia, ila ndiyo ambayo programu ya uhariri itaitafuta ili kulinganisha. Omba kofi la pili mwishoni. Saa za vifaa hivi hupishana taratibu, na baada ya saa nzima zinaweza kuachana fremu moja au mbili, kiasi cha kufanya midomo ichelewe.

Siku ya kurekodi

Bonyeza simu kwanza, kisha kamera, kisha ondoa mikono na uhesabu mpaka kumi mwamba utulie. Kama kamera ina kipima muda au rimoti, itumie. Kaa upande wa kamera ya karibu, bega lako likiwa karibu na lenzi, ili macho ya mzungumzaji yaelekee pembeni kidogo tu ya lenzi ile. Kaa chini kama yeye alivyokaa. Ukisimama atazungumza huku ameinua kidevu.

Baada ya hapo usiguse kitu. Hili ni gumu kuliko kutoboa bapa. Mtu akijisogeza kwenye kiti, picha ya karibu itamkata sikio, na mkono wako utakwenda wenyewe kwenye kichwa cha gololi. Uzuie. Picha pana bado inaye mzima, na ukigeuza kamera wakati anaongea utaharibu zote mbili. Subiri anyamaze, avute pumzi, ndipo ugeuze.

Kwenye meza ya uhariri

DaVinci Resolve ya bure hulinganisha picha kwa kusoma mawimbi ya sauti. Kdenlive nayo inaweza. Kabla ya hapo, kama simu imerekodi fremu zisizo na mwendo sawa, zipitishe kwenye HandBrake na uchague mwendo usiobadilika, 25. Ukiruka hatua hii kofi la mwanzo litalingana na la mwisho litakataa, nawe utamaliza usiku unatafuta kosa lisilokuwepo.

Linganisha rangi kwa ile karatasi nyeupe, kamera ikiwa kiongozi na simu ikifuata. Simu huwa kali mno kwenye kingo za vitu. Ishushe ukali kidogo kuliko kuipandisha kamera.

Usirukeruke kati ya picha mbili kwa sababu tu unazo. Mimi hubaki kwenye pana mtu anapotaja mahali, watu na miaka, nikaingia karibu pale mwili unapoanza kusema kitu ambacho mdomo haukisemi: vidole kwenye kanga, koo linalomeza, macho yanayokwenda mlangoni. Na nikishaingia karibu siharakishi kutoka. Ukitaka kufupisha maelezo marefu, kata mahali unapobadili kamera, na mkato hautaonekana. Angalia tu maneno uliyoyatoa yasigeuze maana ya msimulizi.

Mwamba huo huo kwa picha zenye kina

Ukiwa na kamera mbili zinazofanana kabisa, lenzi sawa na mipangilio sawa, unaweza kuutumia kwa picha za 3D. Toboa jozi nyingine ya matundu katikati, yaachane kiasi cha macho ya binadamu, milimita 65 hivi, kamera zitazame mbele sambamba. Kanuni ya kuanzia ni kwamba kitu kilicho karibu zaidi kiwe mbali mara 30 ya nafasi kati ya lenzi, yaani kama mita mbili. Kamera kubwa hazitatosha kukaa hivyo bega kwa bega. Simu nyembamba zikisimama wima zinaweza kutosha. Kwa mahojiano sioni faida yake.

Kuutunza

Kwetu pwani chumvi ya hewani inakula palipokutana chuma na aluminiamu, na baada ya masika mawili utakuta unga mweupe kuzunguka bapa na bolti zimeganda. Tandika kipande cha mpira wa baiskeli kati ya bapa na mwamba, paka grisi kidogo kwenye meno, na ukirudi kutoka ufukweni futa kila kitu kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi kisha kikavu. Fungua bolti zote za mwamba unapouhifadhi, mbao ipumue. Kabla ya kila safari zungusha kila kishikio kwa vidole na uitazame ile epoksi. Ikiwa na ufa, bolti itazunguka ndani ya nati na hutaweza kuifungua kamera ukiwa mbali na nyumbani. Spana ndogo inayoshika kichwa cha bolti ya robo inchi ikae kwenye mfuko wa tripodi, na bolti moja ya akiba, iliyokwisha kupimwa urefu wake.